Si Kanzu ya Idi

Mabaraza ya miji ya pwani yana mahakama yake, na katika mahakama hiyo hapana kesi inayokatwa upesi kama ya mtu wa mshahara wa kawaida aliyenunua gari kongwe la spoti akalifanya kipando chake cha kila siku. Gari lenyewe lina viti viwili, paa la turubai na umri wa miaka ishirini na ushei. Bei yake aghalabu haizidi ya lile gari dogo la kupakia watoto na magunia ambalo kila mtu angelinyamazia. Hayo ya bei hayaulizwi. Mshitakiwa hajawahi hata kuzima injini, hukumu imekwisha kusomwa: maskini akipata, matako hulia mbwata. Wenye adabu zaidi husema, uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Na wenye huruma huuliza tu, kwa sauti ya kumwonea mwenzao imani, ilikuwaje hata asinunue Probox.

Hukumu hiyo ni batili. Ni batili kwa hesabu, kama itakavyoonekana, lakini ubatili wake mkubwa hauko katika hesabu. Uko katika imani iliyojificha nyuma ya maneno hayo yote, kwamba kitu kizuri ni haki ya mwenye nacho, na kwamba asiye nacho, ikitokea kizuri kikamwangukia mkononi, basi akikunje akiweke sandukuni kama kanzu ya Idi, akitoe mara mbili kwa mwaka, siku nyingine zote avae kuukuu. Ajabu ni kwamba imani hii huisikia hata kwa watu wanaojua mashairi kwa moyo, ambao hawangekubali asilani kuambiwa kwamba utenzi ni wa kusomwa sikukuu tu.

Ili hoja isielee hewani, na litajwe gari moja. Februari 1989, katika maonyesho ya magari ya Chicago, kampuni ya Mazda ya Hiroshima ilifunua gari dogo la wazi ambalo Wamarekani waliliita Miata, Ulaya likajulikana kwa jina la MX-5, na Japani kwenyewe likauzwa kama Eunos Roadster. Mbegu yake iliatikwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na Mmarekani mmoja mwandishi wa habari za magari, Bob Hall, aliyewaambia wakubwa wa Mazda kwamba dunia inakaribia kubaki bila gari jepesi la watu wawili. Alikuwa na haki. Waingereza, waliokuwa mabingwa wa fani hiyo, walikuwa wakiitupa mkono: MGB na Triumph Spitfire, zote mbili zilizozaliwa 1962, zilikoma kutengenezwa 1980. Magari yale yalipendwa kwa sura na kulaaniwa kwa kuvuja mafuta. Wajapani wakachukua sura, wakaacha kuvuja.

Mhandisi aliyekabidhiwa kazi, Toshihiko Hirai, alishikamana na usemi wa Kijapani, jinba ittai, yaani mpanda farasi na farasi wake kuwa mwili mmoja. Alichokitoa ni gari lenye injini ya lita 1.6, nguvu za farasi zisizofika 120, uzito usiofika tani moja, na uzito huo ukigawanyika takriban nusu kwa nusu baina ya mbele na nyuma. Magurudumu ya nyuma husukuma, ya mbele yakabaki na kazi moja ya kuongoza. Hamna cha ziada. Taa zake za mbele hulala zikifumba macho mchana na kuamka usiku. Kipini cha gia ni kifupi, na safari yake kutoka gia hadi gia ni ya kiganja tu.

Mtu aliyewahi kutunga shairi la mizani nane kwa nane hahitaji kuelezwa zaidi. Mtungaji aliyefungwa na mizani hana nafasi ya neno la kujazia. Kila silabi hulipa kodi ya mahali pake, na utamu wote wa shairi hutoka katika ubanifu huo. Hirai alifanya vivyo hivyo kwa chuma. Ndiyo sababu dereva wa gari hili hupata raha katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, raha ambayo mwenye gari la farasi 400 huitafuta kwenye mwendo wa kumpeleka kaburini. Neno spoti limewapoteza wengi hapa. Wanadhani maana yake ni mbio. Maana yake ni wepesi wa kuitika: mkono unapotaka kona, gari limekwisha kuingia. Kisiwa cha Unguja urefu wake ni kama kilomita 85 tu, na mtu wa kwenda mbio hana pa kwenda, lakini kona ziko tele.

Turudi kwa wenye hesabu, maana wao ndio wenye sauti kubwa. Wanasema gari kongwe ni shimo la fedha. Wangekuwa na haki kama wangelinganisha gari kongwe na kutokuwa na gari. Lakini wao hulinganisha na gari la miaka sita au saba, lililonunuliwa kwa mkopo wa benki, ambalo mwenyewe hulipia riba huku thamani yake ikiyeyuka uani kama barafu. Gari la 1998 limekwisha kuyeyuka zamani, mabegani mwa wamiliki wengine, huko ng'ambo. Anayelinunua leo akalitunza, hata akiliuza baada ya miaka mitano, hatapoteza sana, na kwa aina hii ya Mazda huenda asipoteze kitu. Kinachobaki ni petroli, ambayo kwa injini ndogo kama hiyo ni kiasi cha lita 8 au 9 kwa kilomita 100, pamoja na bima, tairi na fundi. Tairi zenyewe za gari la mwanzo ni za kipimo cha 185/60 kwa rimu ya inchi 14, ndogo na za bei nafuu, na si zile za gari kubwa la tani mbili na zaidi ambalo kazi yake yote ya wiki ni kwenda Darajani kununua mkate. Huyo wa tani mbili barazani haulizwi. Anaamkiwa.

Wala si muujiza kwamba magari haya hufika pwani kwa bei ya kushikika. Japani, gari binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu ya mwanzo, kisha kila baada ya miaka miwili, na gharama za ukaguzi huo humfanya mwenye gari la umri aone afadhali auze kuliko kulipa tena. Na kwa kuwa Japani huendeshwa kushoto, usukani ukiwa kulia, gari lililotoka huko huingia barabara za Zanzibar, Tanganyika na Kenya bila ya kubadilishwa hata kioo.

Hapa serikali nazo zina la kujibu. Kenya haipokei gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hivyo mtu wa Mombasa anayelitaka gari hili la kizazi cha kwanza hana budi alitafute miongoni mwa yale yaliyokwisha kuingia. Tanzania haikufunga mlango, ila hutoza ushuru wa ziada kwa gari lililozidi umri uliowekwa. Shabaha ya sheria hizi inaeleweka. Hapana anayependa pwani igeuzwe jaa la vyuma vya watu, na moshi ni moshi. Lakini sheria inayohesabu miaka bila ya kukagua chuma humwadhibu mtunzaji na kumzawadia mharibifu. Gari la miaka saba lililoendeshwa kama punda wa kuazima hupita. La miaka ishirini na tano, lililokaguliwa mara kumi na mbili na kupewa cheti kila mara, hulipishwa au hurudishwa. Ushairi ungehukumiwa hivyo, magazeti ya jana tu yangesomwa.

Hoja nzito zaidi ya hiyo ya fedha, na inayostahili jibu la heshima, ni ya jamaa. Kwenye pwani hii gari halijawahi kuwa la mtu mmoja. Gari ni la mjomba anayetaka kupelekwa Mwanakwerekwe, la shangazi mwenye kapu la vyungu, la jirani anayeumwa usiku wa manane. Mtu anayenunua viti viwili, husemwa, ameufunga mlango wake. Amewaambia watu wake kwamba hawana nafasi.

Yanayosemwa hapo yana ukweli ndani yake. Baba wa watoto wanne asiye na kipando kingine, akinunua gari la viti viwili, amewadhulumu watoto, na hapana ufasaha utakaomwokoa. Lakini wanaohukumiwa barazani aghalabu si hao. Ni mwalimu kijana asiye na mke, ni mjane ambaye wanawe wamekwisha kuruka kiota, ni muuguzi anayetoka zamu saa nne usiku na anayetaka kufika kwake bila ya kusimama kituoni peke yake. Mwanamke, kwa hakika, hukumu yake huwa nzito mara mbili. Kiti cha pili cha gari lake huulizwa ni cha nani, kama kwamba kiti hakiwezi kuwa cha mkoba.

Tena Unguja, kuliko mahali pengine popote, ina ushahidi wake barabarani mchana kweupe. Ushahidi huo ni vespa. Chombo hiki cha Kitaliano, kilichobuniwa na kampuni ya Piaggio mwaka 1946, hubeba watu wawili, hakina buti la kupakia gunia, humnyeshea mvua mwenyewe, na wengi wanaokipanda leo wamerithi kwa baba zao. Mafundi wa mjini huzifungua injini zake wakiwa wamefumba macho. Hupakwa rangi upya, hung'arishwa, huendeshwa kazini kila asubuhi, na hapana aliyewahi kumwambia mwenye vespa kuukuu kwamba ana ubinafsi au amechachamaa. Anasifiwa kwa utunzaji. Basi kikiongezwa chombo hicho magurudumu mawili na paa la turubai, ubinafsi umeingia kwa mlango gani? Jibu la kweli ni kwamba vespa ilikwisha kuzoeleka kuwa ni ya mtu wa kawaida, na gari la spoti lilikwisha kuzoeleka kuwa ni la mtu mwingine. Kilichovunjwa ni zamu ya kukaa, na hesabu haimo.

Wengine hukimbilia barabara. Husema gari la chini halifai kwa mashimo na matuta ya nchi hizi, na husema hayo kama kwamba Afrika Mashariki haina kumbukumbu. Safari Rally, iliyoanza 1953 na kwa miaka mingi ikizipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwa matope na vumbi, ilichukuliwa 1971 na Edgar Herrmann na Hans Schüller ndani ya Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili kwa kila maana ya neno. Mwaka 1973 gari la aina hiyo hiyo lilishinda tena, safari hii usukani ukiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, ambaye baadaye alishinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Toyota Celica nayo, gari ambalo ndugu zake wa kawaida walijaa katika miji ya pwani, ilishinda mashindano hayo 1984, 1985 na 1986, kisha ikarudi kuyashinda katika miaka ya 1990. Naam, magari ya mashindano yaliimarishwa na kuinuliwa, na nyuma yake walifuatana mafundi. Ila barabara walizopita hazikuwa za lami, na tuta la mbele ya skuli ya mtaani si bonde la Taita. Mwenye Mazda huvuka tuta kwa mshazari na kwa subira. Linaloziangamiza gari hizi barabarani ni ujinga wa vijana wanaokata springi ili gari liburure tumbo, wakatoboa bomba la moshi ili lipige kelele, kisha wakalaumu tuta. Hao hawamo katika utetezi huu.

Sasa wenye turubai. Hawa si masikini wala si wa barazani, na makosa yao ni makubwa zaidi kwa kuwa wao wanalipenda gari, au wanadhani wanalipenda. Wamelinunua kwa sababu wamesikia bei yake inapanda. Wamelifunika uani. Jumapili hulifunua, hulifuta vumbi, huliwasha dakika tano, huwaonyesha wageni, hulifunika. Akitajiwa mtu anayeliendesha kila siku kwenda kazini, mwenye turubai hushika kichwa: analiharibu!

Waulizwe mafundi wa Nungwi wanaounda na kutengeneza vyombo vya bahari. Mashua huishi majini. Mafundi huikalafati kwa pamba, huipaka sifa mbao zake na deheni chini yake, huishusha, huifanyisha kazi, huipandisha tena ikifika zamu. Mashua iliyokokotwa juu ya mchanga ikasahauliwa misimu miwili, kwa kuwa mwenyewe anaionea huruma, mbao hukauka, maungio hufunguka, na siku ikishushwa hunywa maji kama mwenye kiu ya saumu. Gari ni hivyo hivyo. Mipira inayozuia mafuta hukauka isipolowanishwa na mafuta yanayozunguka. Pistoni za breki hushikwa na kutu mahali pamoja. Petroli huchacha tangini, betri hufa, tairi hufanya bapa upande mmoja. Na juu ya kisiwa, turubai lenyewe hufungia ndani unyevu wa chumvi, likawa chungu cha kupikia kutu. Mwenye turubai anaangamiza alichokifunika, taratibu, huku akijiita mtunzaji. Ni ndugu wa yule anayenunua diwani zenye majalada ya ngozi kupambia kabati la sebuleni, na kurasa zake hazijakatwa.

Utunzaji wa kweli hauna fahari, na mwenye kutaka kununua na ausikie kabla ya kutoa fedha. Adui wa kwanza wa MX-5 ni kutu ya vizingiti vilivyo chini ya milango, hasa mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma, na chanzo chake aghalabu ni kidogo cha kuchekesha. Nyuma ya viti pana matundu ya kutolea maji ya mvua yanayoteremka kutoka kwenye paa. Yakizibwa na majani na vumbi, maji humwagikia ndani ya bodi. Kijiti laini na subira vinatosha kuyazibua, na anayenunua bila ya kuyatazama amenunua mkakasi kweli. Tangi la juu la radieta ya asili ni la plastiki nyeusi. Likigeuka rangi ya hudhurungi limekaribia kupasuka. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kiasi cha kilomita 100,000, na asiyejua ulibadilishwa lini aubadilishe kesho. Silinda ndogo ya klachi huvuja, nayo ni spea rahisi. Chini ya gari paoshwe kwa maji baridi ya mfereji baada ya kila safari ya ufukweni. Tena mengi ya miaka ya mwanzo yaliyouzwa Japani hayana mfuko wa hewa, na mengine hayana breki za kuzuia kuteleza. Dereva wake na ajue hilo, aendeshe kama ajuaye.

Asiyeweza kutenga fedha ya fundi kila mwezi asilinunue. Hili halina ubishi, na wala si aibu. Ukitaka uzuri sharti udhurike, lakini kudhurika kwa kipimo. Mtu aliyekopa kwa ajili ya gari, kisha akakopa kwa ajili ya mkanda wake, ameingia mahali ambapo hata wa barazani watakuwa wamesema kweli kwa bahati.

Bado mkakasi. Methali hiyo husemwa kwa kujiamini sana na watu wasiotazama inachosema. Mkakasi hulaumiwa kwa kuwa ukipata maji mara moja rangi zake hutoka. Gari hili limekwisha kupata mvua za misimu thelathini na zaidi, za Hiroshima na za Unguja, na lingali likitembea. Aprili 2016 gari la milioni moja la ukoo huo lilitoka kiwandani, jambo ambalo hapana gari jingine la spoti la wazi la watu wawili lililolifikia. Na mwaka 2017 Mazda yenyewe ilitangaza kwamba itawatengenezea upya wenye magari ya kizazi cha kwanza huko Japani, na itafufua spea zilizokwisha kukoma, yakiwemo mapaa ya turubai, usukani wa mbao, na tairi za kipimo kile kile cha 185/60. Kiwanda hakifufui tairi za kuwekwa uani. Ila habari hizo zimewafikia pia wanaonunua kwa kuweka, na kila mwaka magari mazima yaliyobaki sokoni huwa machache kuliko mwaka uliopita. Mwalimu na muuguzi wanaolitaka kwa ajili ya kwenda kazini wana muda mdogo wa kuwatangulia wenye turubai.